Unataka biashara ya bangi na uko Kisumu? Anzia hapa

Wasichana wa chama, hii stori ya kuuza mafuta ya bangi Kondele kama yule mfanyabiashara Mmarekani, Wanda James, alivyofungua duka la bangi mji wa Denver, jimbo la Colorado, tulieni kwanza. Colorado inaruhusiwa, hapa Kenya kuna sheria ya dawa za kulevya ya 1994 na jela si mchezo. Ukiwa na sista Marekani mwambie aone wakili wa uhamiaji kabla aguse hiyo kazi, juu serikali kuu ya huko inaweza mnyima uraia hata kama jimbo limekubali.

Sisi tuanze na mafuta ya mgando ya kujipaka, bila bangi: nta ya nyuki kijiko 1, mafuta ya nazi vijiko 4, yeyusha kwa bakuli juu ya maji moto, dondoshea sahani baridi, ikibaki teketeke ongeza nta. Halafu sasa KEBS, wale wa kukagua ubora wa bidhaa, hapo ndio utatoa jasho.