Unanunua nyumba Dar? Kabla hujatoa hela jiulize nani atakuja kudai

Miaka kadhaa nimechapa mikataba kwenye ofisi ya wakili hapa Dar, mimi mwenyewe si wakili, ila ukichapa mikataba mingi ya kuuziana nyumba unaanza kuona kwamba wanaorudi wanalia wanafanana. Walikagua bati, tailizi, madirisha ya aluminiamu, wakafungua bomba kuangalia kama maji yanatoka, halafu karatasi wakazipa dakika tano. Swali la kujiuliza ni hili tu: nikishalipa, nani anaweza kutokea akasema hapa ni kwangu? Mke wa muuzaji, ndugu zake, benki, barabara, kijiji, au mtu mwingine aliyeuziwa kabla yangu. Unawafuta mmoja mmoja, wakiisha ndo unatoa hela.

Kama nyumba ina hati, kazi inaanzia hapo. Ardhi ya Tanzania yote ni ya umma, Rais ndo mdhamini, kwa hiyo wewe unachonunua ni haki ya kumiliki kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Soma hati ilianza lini maana nimeshaona mtu anauziwa hati ya miaka 33 iliyotoka 1995 na bei amepigwa kama vile anapewa miaka 99. Ukishapata namba ya hati na namba ya kiwanja nenda ofisi ya ardhi ya mkoa uombe upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, watu wanaita kufanya sachi, unalipa kwa kontroo namba unapewa majibu ya maandishi. Yatakuambia jina la mmiliki, kama benki imeshikilia nyumba kwa mkopo, na kama kuna mtu ameweka zuio. Nenda mwenyewe au mtume wakili wako. Sachi inayoletwa na dalali kwenye bahasha, tena imeshafanywa tayari, hiyo kaa nayo mbali.

Sasa mke. Hili ndo lilitaka kummaliza shemeji yangu. Nilimsindikiza Tabata kuona nyumba, vyumba vitatu na fremu mbili za duka mbele, bei nzuri kuliko ilivyotakiwa. Muuzaji mtu mpole, kashika hati ndani ya plastiki, hati safi, jina lake peke yake, sachi yake haina doa. Nikamuuliza, mama yuko wapi? Akasema yuko Tanga kwa wazazi, hana tatizo. Nikamwambia basi mpigie tumsalimie, weka sauti kubwa. Akageuza simu mezani, akaigeuza tena, akasema chaji imeisha, wakati mimi naona kabisa skrini inawaka. Shemeji akataka kutoa advansi ya milioni tano palepale eti wasije wakatuwahi. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya ndoa huwezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzako, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inakubana wewe mnunuzi uulize kama muuzaji ana mke au mume. Haijalishi hati ina jina la nani. Kwa hiyo dai ridhaa ya maandishi, mwenzi asaini mbele ya wakili akiwa na kitambulisho chake cha NIDA, siyo karatasi iliyokuja imeshasainiwa. Akisema hajaoa, aape kiapo kwa maandishi. Akisema walishaachana, alete talaka ya mahakama. Halafu pita kwa mangi wa duka la jirani ununue soda uulize kiaina, pale utapata majibu kuliko ofisi yoyote.

Nyumba ya marehemu ni hivyohivyo, ila watu ni wengi zaidi. Mtoto mkubwa kuwa na funguo hakumfanyi kuwa muuzaji. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kama ni Mahakama ya Mwanzo atakuwa na fomu namba 4, ile ya kuteuliwa kwake. Chukua namba ya shauri uende mahakamani ukathibitishe, na japo msimamizi ndo mwenye saini mimi ningetaka warithi wote wasaini kwamba wanajua, maana mdogo wake aliyeko Mwanza ndo atakuja kufungua kesi.

Barabara na mito ukizubaa vinakula nyumba mzimamzima. Wakazi wa Kimara mpaka Kiluvya wanajua, 2017 nyumba zilibomolewa pembeni ya Barabara ya Morogoro, wengine walijenga kwa hela za maisha yao yote. Ukiona alama ya X ukutani, ile ya kubomolewa, usiambiwe ni ya zamani, na ukiona ukuta umepakwa rangi mpya sehemu moja tu, uliza kulikuwa na nini. Mita 60 kutoka mtoni au baharini napo sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, kwa hiyo zile nyumba za bondeni zina sababu ya kuwa rahisi. Mchukue mpima mwende kutafuta bikoni, mawe ya mipaka, mlinganishe na ramani ya upimaji.

Nyumba ambazo hazina hati, na Dar ziko nyingi, hapo sachi hakuna, kwa hiyo ushahidi wako ni watu. Omba mkataba ambao muuzaji mwenyewe alinunulia, na wa aliyemuuzia kama upo, fuata mnyororo hadi nyuma. Leseni ya makazi kama anayo ni afadhali, ila ni ya muda mfupi na siyo hati. Waite majirani wa pande zote nne wasimame kwenye mpaka na wasaini. Serikali ya mtaa waende kushuhudia kwamba wanamjua huyu mtu, sawa, lakini ile asilimia 10 wanayoomba sehemu nyingi siyo kodi, waulize kontroo namba na risiti ya serikali uone nyuso zao. Na ukivuka kwenda Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo, uliza kwanza hapa ni mtaa au ni kijiji? Kama ni kijiji, saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi, unataka idhini ya halmashauri ya kijiji na muhtasari wa kikao chenyewe. Watu wamepoteza maekari kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Vyote vikikaa sawa ndo mnaandikiana mkataba. Wakili mwangalie kwenye mfumo wa eWakili wa mahakama kama jina lake lipo na anaruhusiwa kufanya kazi, vishoka, yaani mawakili feki, wana mihuri mizuri kuliko mawakili. Usimtumie wakili wa muuzaji. Hela ipite benki, kwenye akaunti yenye jina la muuzaji, siyo ya shemeji yake wala ya dalali. Igawe, advansi mkisaini, sehemu nyingine kibali cha uhamisho kikitoka, na ya mwisho ibaki mkononi mwako mpaka uhamisho ukamilike. Na mkataba useme mambo yakiharibika hela inarudi ndani ya siku ngapi.

Bei andika ya kweli. Najua watu wanaandika ndogo kukwepa kodi, lakini mthamini wa serikali atakuja na thamani yake, na siku mkigombana mahakama itasoma milioni 40 iliyoandikwa wakati wewe ulitoa 90. Kodi yenyewe ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania, kwa hiyo wewe unayeuza tunza risiti za saruji, mabati na mafundi kwa sababu gharama zinapunguza faida. Nyumba ya kuishi uliyoimiliki miaka mitatu na kukaa humo miaka mitatu au zaidi, faida ikiwa chini ya milioni 15, inasamehewa. Mnunuzi kwa kawaida analipa ushuru wa stempu asilimia 1, ndani ya siku 30 tangu kusaini, na mkataba usio na stempu mahakamani hawaupokei kama ushahidi.

Kwenye uhamisho kuna fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, taarifa, maombi ya kibali, na hati ya kuhamisha yenyewe. Bila kibali cha Kamishna wa Ardhi na usajili, wewe bado una mkataba tu. Wewe muuzaji nawe hati halisi usiiachie mtu "akaitolee kopi", peleka mwenyewe kwa wakili. Lipa kwanza kodi ya pango la ardhi ya nyuma, la sivyo faili halitembei. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo mnunuzi kabla ya kukabidhiwa nunua umeme wa elfu mbili kwenye mita ile uone zinaingia yuniti ngapi, deni la mwenye nyumba wa zamani litajionyesha hapo hapo.

Yule muuzaji wa Tabata? Baada ya wiki mbili mkewe alikuja kwa basi kutoka Tanga, akasoma mkataba wote huku kavaa miwani, akakubali kuuza, kwa sharti nusu ya hela iingie kwenye akaunti yake. Shemeji sasa hivi anapangisha zile fremu.