Jinsi ya kupata vibali na kusajili spishi mpya ya mnyoo kijiko kutoka pwani ya Dar es Salaam

Wengi wanaodhani wameokota spishi mpya huanzia ufukweni na kumalizia ofisini. Anza ofisini. Mnyoo aliyechimbwa bila kibali atakusumbua hadi mwisho: jarida litauliza namba ya kibali, makumbusho nayo itauliza, na hakuna afisa mwenye akili zake atakayekuandikia kibali cha tarehe iliyokwisha kupita.

Mnyoo kijiko ni wa kundi la ekiura: mwili laini usio na pingili, na mbele yake pua ndefu iliyobonyea, ambayo huitandaza juu ya tope kukusanya chakula huku mwili ukibaki shimoni. Zamani ekiura walihesabiwa faila peke yao, yaani kundi kuu la wanyama linalojitegemea; ushahidi wa DNA umewarudisha ndani ya anelida, ukoo wa nyungunyungu. Usiwachanganye na sipunkula, minyoo wengine wa baharini wanaofanana nao. Pua ya sipunkula huingia yote ndani ya mwili, ya ekiura hufupika tu.

Hatua ya kwanza: vibali

Ukiwa mwanafunzi au mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kibali cha utafiti unakipata chuoni, kwa kuwa Makamu Mkuu wa Chuo amekasimiwa mamlaka ya kukitoa kwa watu wake. Pitisha ombi kwenye idara, ambatisha andiko la utafiti, taja wilaya na fukwe kwa majina. Watafiti wa kigeni huomba kwa mtandao Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, yenye ofisi zake Kijitonyama. Mgeni anahitaji mshirika Mtanzania, na kibali kikishatoka bado ana safari ya Uhamiaji kutafuta kibali cha ukaazi.

Barua ya kibali haikupeleki moja kwa moja majini. Inashuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, manispaa, mtendaji wa kata, mtaa. Toa nakala za kutosha. Mihuri ikikamilika, pita kwa viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za ufukwe) wa ufukwe wenyewe, maana wao ndio watakaoulizwa na wavuvi huyu mwenye koleo anachimba nini.

Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu yanayolindwa na Sheria ya Hifadhi za Bahari Na. 29 ya mwaka 1994. Huko unaomba ruhusa nyingine, ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Andika idadi kamili ya vielelezo unavyotaka. "Kadiri itakavyohitajika" ni jibu baya. Zanzibar ina utaratibu wake, na kibali cha Bara hakivuki na boti.

Ikiwa kielelezo, hata kipande cha nyama yake, kitapelekwa nje ya nchi, sema hivyo tangu ombi la kwanza na uandae mkataba wa kuhamisha sampuli. Ekiura hawamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, lakini hilo halikuondolei wajibu huu.

Hatua ya pili: kumchimba na kumhifadhi

Nenda bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Tafuta kwenye tope na mchanga kando ya mikoko, kwenye nyasi za bahari, na ndani ya mawe ya matumbawe yaliyokufa. Chimba pembeni ya shimo, wala usimvute kwa pua. Pua hukatika kirahisi mno, na kielelezo kisicho na pua ni nusu ya kielelezo.

Mpige picha akiwa hai, kwani rangi hufifia ndani ya formalini. Kisha mlegeze: yeyusha gramu 75 hivi za magnesiamu kloraidi katika lita moja ya maji yasiyo na chumvi, changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari, mwache humo mpaka asishtuke ukimgusa. Kata kipande kidogo cha nyama ukitie kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi kwa ajili ya DNA. Mwili uutie kwenye formalini ya asilimia 10 iliyochanganywa na maji ya bahari, halafu uuhamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70. Lebo iandikwe kwa penseli na ikae ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.

Hatua ya tatu: kuthibitisha kwamba ni mpya

Hapa ndipo subira inapopimwa. Mpasue mgongoni, kwa sababu uzi mkuu wa neva unapita tumboni. Angalia misuli ya urefu: imejikusanya katika mikanda, au imeenea sawia? Hesabu mikanda. Hesabu jozi za vifuko vya uzazi na useme ziko mbele au nyuma ya zile kulabu mbili ndogo za tumboni. Chunguza midomo ya vifuko hivyo kama imerefuka na kujisokota, vifuko viwili vya mkundu, na ncha ya pua. Kwa jamii ya Bonellia, tafuta pia dume: huwa wa milimita chache tu na huishi juu ya jike au ndani yake.

Linganisha na maelezo ya kwanza kuchapishwa ya spishi zinazojulikana, hata yawe ya zamani. Ochetostoma erythrogrammon, aliyeripotiwa sehemu nyingi za Bahari ya Hindi, alielezwa mwaka 1828 kutoka Bahari ya Shamu. Majina yanayotambuliwa leo utayakuta WoRMS, orodha ya mtandaoni ya spishi za baharini. DNA peke yake isikulevye: tofauti ya COI, jeni linalotumika kutofautisha spishi, ni hoja nzuri, lakini kanuni za kutoa majina zinataka sifa bainishi zielezwe kwa maneno.

Hatua ya nne: holotaipu, jina na ZooBank

Chagua kielelezo kimoja kiwe holotaipu, yaani kile kinachobeba jina la spishi; vingine viwe parataipu, vya kukisindikiza. Omba namba ya usajili kwenye makumbusho au mkusanyo wa kudumu kabla ya kupeleka makala. Kwa majina ya baada ya 1999, Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama zinadai holotaipu itajwe wazi na mahali itakapohifadhiwa pasemwe.

Jina lifuate jinsia ya kisarufi ya jina la jenasi. Ukimpa mnyoo jina la kuiheshimu Kunduchi, ndani ya Ochetostoma litaishia *kunduchiense*, ndani ya Listriolobus *kunduchiensis*. Kujipa jina lako mwenyewe hakujakatazwa, ila utachekwa. Jina lisitangulie kutajwa kwenye tasnifu wala kongamano, huko andika tu "sp. A".

Fungua akaunti ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, sajili makala, kisha jina, na uweke namba uliyopewa ndani ya makala. Tangu marekebisho ya 2012, makala inayotoka kwa mtandao pekee bila usajili huo haihesabiki kuwa imechapisha jina. Kati ya majarida, Zootaxa haitozi ada ya kurasa usipotaka makala iwe wazi kwa wote; ZooKeys iko wazi na hutoza.

Makala ikitoka, jaza tarehe halisi ZooBank, kisha peleka nakala kwa ofisi iliyokupa kibali pamoja na ripoti yako. Wanaweka kumbukumbu ya nani hajarudisha.