Kimbunga kikija Houston: anza na maji, upepo baadaye

Mimi mtu wa Tanga, Houston niko mwaka wa kumi na moja. Msimu wa vimbunga huanza Juni 1 hadi Novemba 30, na kila kikitajwa kimoja, ndugu waliofika karibuni wananiuliza: "Kaka, hiki daraja la ngapi?"

Daraja, kuanzia la 1 hadi la 5, linapima kasi ya upepo tu. Kikifika la 3, yaani kilomita 178 kwa saa, ndipo kinaitwa kikubwa. Lakini Harvey, Agosti 2017, kilitua Rockport kikiwa daraja la 4, na kilipofika kwetu upepo ulishapungua. Kilichotuzamisha ni mvua. Kiling'ang'ania siku kadhaa, na mashariki ya jiji pako palipopata zaidi ya milimita 1,200. Beryl, Julai 2024, kilikuwa cha daraja la 1, tukakidharau. Wateja zaidi ya milioni 2 wakakosa umeme.

Kwa hiyo kwanza ujue unakaa wapi. Tafuta namba yako ya posta kwenye ramani ya kanda za kuhama, yaani maeneo ambayo watu huamriwa kuondoka kimbunga kikija. Wa upande wa Galveston Bay, ile ghuba ya baharini, wakiambiwa ondokeni, waondoke, maana upepo unaisukuma bahari hadi majumbani. Galveston, mji wa pwani, kimbunga cha mwaka 1900 kiliua watu wapatao 8,000. Sisi wa mitaa ya Alief na Sharpstown, mbali na bahari, hatumo kwenye kanda hizo, na tukikurupuka tunawazibia wenzetu njia. Kimbunga Rita, 2005, zaidi ya watu milioni 2 waliingia barabarani kwa pamoja, magari yakaishiwa mafuta juani, na basi lililobeba wazee likaungua, wakafa 23. Ila kama unakaa chini, karibu na bayou, yaani vijito vinavyopita katikati ya jiji, zungumza mapema na mtu wa ghorofani. Usione haya.

Bima ya kawaida ya nyumba haigusi mafuriko, hata ile ya mpangaji. Ya mafuriko, ile ya serikali, kwa kawaida inaanza kazi siku 30 baada ya kuinunua. Ukisubiri kimbunga kionekane kwenye televisheni, umeshachelewa.

Siku tatu kabla: jaza tangi la gari, chukua dawa zako, toa pesa taslimu, maana umeme ukikatika kadi ni plastiki tu. Maji ya kunywa galoni moja ya huku, kama lita 4, kwa mtu kwa siku. Bafu nalo lijaze, hayo ni ya chooni. Pasipoti, grinkadi (kadi ya ukaazi) na vyeti vya watoto tia kwenye mfuko wa zipu, uweke juu kabatini. Halafu pita na simu ukipiga picha kila chumba, milango ya makabati ikiwa wazi.

Friza nayo ina ujanja wake. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kirudishe. Wakati wa Beryl nilikuwa zamu, nalea wazee, nikarudi siku ya tatu nikakuta umeme umewaka na nguru wangu kagandamana kama jiwe. Nikafurahi. Mke wangu akatoa kikombe: senti 25 iko chini kabisa, barafu juu yake. Maana yake kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya. Kilo sita za nguru tukazitupa, nami nilikuwa nimejisifu kwa bei niliyomnunulia.

Sasa jenereta. Jirani aliwasha yake kibarazani, mlango wa sebule wazi, eti asiibiwe. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, unalala usiamke. Iweke nje, mita 6 au zaidi kutoka mlangoni na madirishani. Mkaa ni hivyo hivyo. Najua kwetu tumepikia jiko la mkaa ukumbini miaka yote, lakini nyumba za huku zimezibwa kila upande ili ubaridi wa eisii usitoke. Hakuna tundu hata moja juu ya ukuta.

Usiingize gari kwenye maji yanayokwenda. Sentimita 60 zinabeba hata gari kubwa, na usiku huwezi kujua kina.

Mvua ikikatika, linabaki joto. Julai bila umeme linaua wazee taratibu, ndani, kimya kimya. Ghorofa ya chini kwetu kuna bibi Mkongomani anayekaa peke yake. Nampigia hodi asubuhi na jioni, nikiwa na taulo lililoloweshwa na chupa ya maji, na siondoki mpaka anywe mbele yangu.