Kunyoa ndevu kwa maji baridi

Ndugu zangu wa Kigoma, hakuna haja ya kuwasha jiko la mkaa alfajiri kwa ajili ya kikombe kimoja cha maji ya kunyolea. Maji baridi yanatosha kabisa, ila yanataka subira. Ndevu hulainika kwa kunyonya maji. Ya moto yanaharakisha tu. Kwa hiyo oga kwanza, au zilowanishe uziache mbichi dakika 3 hivi. Wengi wanaruka hapo, halafu wanalaumu baridi.

Sabuni ya mawese tunayo, lakini ile ya kufulia ni kali mno kwa shingo. Tumia ya kuogea, uisugue kiganjani mpaka povu liwe zito. Wembe uwe mpya, mkono mwepesi, na ufuate ndevu zinakolalia. Chini ya taya hugeuka upande, zipapase kwanza kwa kidole. Ndevu zetu za kipilipili zikinyolewa kinyume hujikunja na kuota ndani ya ngozi, na hivyo ndivyo vile vipele vinavyotusumbua. Sabuni huganda kwenye wembe kukiwa na baridi, kwa hiyo usuuze mara kwa mara. Na wembe usiazimane na mtu, hata ndugu yako.