Mtoto hashikiki, mtu mzima kabadilika: namna ya kutafuta tiba ya tabia

Swali la kwanza la anayetafuta mtaalamu wa tabia huwa "nani mzuri?", na huulizwa mapema mno. Mtaalamu yeyote atataka kujua tabia ilianza lini, hutokea mara ngapi, wapi, na nini hufuata. Ukimjibu "yaani ni msumbufu tu siku zote", kikao cha kwanza utakuwa umekilipia bure.

Daftari la wiki mbili

Chora safu nne: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Andika kitendo, usiandike sifa. "Kanyang'anywa simu, kamng'ata mdogo wake mkononi, bibi akamrudishia simu anyamaze" ni maelezo. "Mkorofi" si maelezo. Safu ya nne ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye siri, kwa sababu huonyesha kama kelele zinamlipa mtoto.

Mwombe mwalimu naye aandike kwa wiki moja. Ili daktari aseme mtoto ana tatizo la umakini na utundu uliopitiliza, dalili zinatakiwa ziwe zimedumu angalau miezi 6, zionekane sehemu mbili au zaidi, na ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Mtoto anayetulia darasani lakini anavunja vyombo nyumbani huenda ana jambo lingine, na uchunguzi utaanzia nyumbani.

Kwa mtu mzima, ongeza saa alizolala, pombe aliyokunywa na pesa aliyobeti.

Mwili kabla ya tabia

Hatua hii huokoa pesa nyingi. Mtoto "mkaidi" huenda hasikii vizuri kwa sababu masikio hutoka usaha mara kwa mara. Anayekodoa macho sekunde chache katikati ya sentensi, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kitu, huenda ana kifafa cha kuzubaa. Anayekoroma usiku kwa sababu ya mafindofindo halali vizuri, na mchana hurukaruka badala ya kusinzia kama mtu mzima. Kama aliwahi kuugua malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, mwambie daktari hata kama ni miaka iliyopita. Kwa mtu mzima, uliza kuhusu tezi ya shingo, sukari, VVU, dawa anazotumia, na ajali yoyote ya bodaboda iliyogusa kichwa.

Mabadiliko ya ghafla, ya saa au siku chache, yakiambatana na homa au kuchanganyikiwa, ni ya dharura. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake. Na mnywaji wa kila siku msimfungie ndani "aache kwa nguvu": akikata pombe kwa mkupuo anaweza kupata degedege na kuona vitu visivyokuwepo ndani ya siku mbili tatu, na wengine hufa. Aache chini ya uangalizi wa hospitali.

Nani hufanya nini, na wapi

Daktari wa magonjwa ya akili huchunguza na huandika dawa. Mwanasaikolojia hupima na hutibu kwa mazungumzo na mazoezi, haandiki dawa. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo humfundisha mtoto kuvaa, kula na kustahimili kelele; kwa mtoto mwenye usonji (autism) huyu huwa na msaada mkubwa, ingawa familia humfikiria mwisho. Kuhusu mshauri nasaha, uliza alisomea nini na kwa muda gani, maana jina hilo hubeba mwenye shahada na mwenye semina ya wiki mbili.

Tanzania, anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya upate barua ya rufaa, kisha kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa. Juu yake zipo hospitali za Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza na Mirembe Dodoma. Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu. Nairobi ipo Mathari. Mtoto akiwa anapigwa au kunyanyaswa, piga 116 bure, Tanzania na Kenya pia.

Bima usiiulize "mnalipia afya ya akili?" Uliza: kikao cha mwanasaikolojia mnalipia? Vingapi kwa mwaka? Kwa rufaa ya nani? Asiye na uwezo amwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kupita dirisha la malipo, si baada.

Maswali ya kikao cha kwanza

Uliza atatumia njia gani, vikao vingapi, na mtajuaje kwamba inafanya kazi. Kwa mtu mzima, tiba ya kubadili fikra na tabia huwa vikao 6 hadi 20, kwa kawaida kimoja kwa wiki. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6, sehemu kubwa ya kazi ni kumfundisha mzazi. Anayejifungia na mtoto saa nzima, kisha akamrudisha bila kukupa la kufanya nyumbani, muulize kwa nini. Anayeahidi kuponya usonji, anayeuza virutubisho mezani, au anayefunga watu minyororo, ondoka. Maombi na kisomo havizuii matibabu. Tatizo ni kuambiwa uache dawa.

Inapokwama

Ukiacha kumpa mtoto simu ili anyamaze, kelele huongezeka kwanza. Mtoto anajaribu mlango uliokuwa ukifunguka. Familia nyingi hukata tamaa hapo, na bibi akimpa simu mara moja tu, mtoto anajifunza kwamba inabidi apige kelele zaidi. Kaeni kikao cha nyumbani kabla ya kuanza, dada wa kazi akiwemo. Fimbo hukatisha tendo kwa dakika chache na haimfundishi la kufanya badala yake. Akifanya vizuri, sifa itolewe palepale, itaje tendo: "Umemwachia mdogo wako zamu, vizuri."

Mtu mzima anayekataa asidanganywe kwamba mnakwenda kumsalimia shangazi. Akigundua, hatakwenda tena kokote. Anzeni na kinachomsumbua yeye mwenyewe, mara nyingi usingizi, au nenda wewe peke yako kwanza upate mwongozo.

Kliniki ikiwa mbali, omba kikao kila wiki mbili na simu katikati. Baada ya vikao 4 hadi 6 linganisha daftari jipya na la mwanzo. Kama idadi ya matukio haijashuka, mweleze mtaalamu. Asipobadili mpango, mwombe muhtasari wa maandishi umpelekee mwingine, usije ukaanza upya.