Jinsi ya kununua dingdong kuukuu na kuisimika shambani kwako

Ukizunguka Mafinga au Makambako, miji ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hukosi kuona dingdong, yaani mashine ya kuchana mbao, imelala nyasini: fremu ya chuma, msumeno wa mviringo, toroli la kubebea gogo na injini ya dizeli iliyofunikwa turubai. Kwa mwenye shamba lake la misindano au milingoti anayetaka mbao za paa na mabanda, inatosha. Ila ujue mapema kwamba ni mlafi. Kila msumeno unapopita unakula kama milimita 6, kwa hiyo ukichana mbao za inchi moja, karibu moja ya tano ya mti inaishia kuwa vumbi. Anayelisha soko atalia. Wewe unayejenga banda, vumbi hilo utawatandikia kuku.

1. Kagua shafti kabla ya injini

Muuzaji atakuwashia injini kwanza, maana ndiyo yenye kelele. Muache awashe, usikilize, kisha umwambie azime. Injini ya Kichina ya silinda moja inapatikana kirahisi na mafundi wake ni wengi. Kitakachokutesa ni shafti iliyopinda, yaani mhimili unaozungusha msumeno, au msumeno wenyewe uliopinda.

Nenda na spana, chaki, na msumari uliopigiliwa kwenye kipande cha mbao. Vua mkanda ili msumeno uzunguke kwa mkono. Funga kile kipande kwenye fremu hadi ncha ya msumari ikaribie kabisa bapa la msumeno, chini kidogo ya mabonde yaliyo kati ya meno. Zungusha taratibu. Ukisikia unakwaruza sehemu moja kisha kimya, hapo pamepinda, weka chaki. Sasa legeza nati, geuza msumeno nusu mzunguko juu ya shafti, kaza, zungusha tena. Msumari ukikwaruza palepale penye chaki, tatizo ni msumeno. Ukikwaruza upande wa pili, tatizo ni shafti au flanji zake, zile sahani zinazoubana msumeno.

Msumeno fundi mzuri anaunyoosha kwa nyundo. Shafti ikipinda, bei ishuke kwa gharama ya shafti mpya, la sivyo aga uondoke. Kagua pia mabonde ya meno yote: msumeno wenye ufa, hata mdogo, haufai. Wapo wanaochomelea. Mimi karibu na msumeno wa namna hiyo sisimami.

2. Mahali na msingi

Chagua pa mteremko mdogo, magogo yaviringike yenyewe kuja kwenye mashine, na upepo upeleke vumbi mbali na nyumba. Mwaga zege, au fukia magogo manene ya mti mgumu na ufunge fremu juu yake kwa bolti. Pima usawa kwa pimamaji pande zote mbili.

3. Nyoosha reli, kisha tega msumeno

Vuta uzi kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli. Toroli likiyumba, mbao itatoka nene huku na nyembamba kule, na hutajua umlaumu nani.

Kisha funga kijiti kwenye toroli, upande linapolala gogo, kikielekea msumeno. Chagua jino moja, lilete mbele, sogeza kijiti hadi karibu liguse, upime nafasi. Zungusha jino lilelile hadi nyuma, sukuma toroli, pima tena. Nafasi ya nyuma iwe kubwa kuliko ya mbele kwa nusu milimita hivi. Msumeno ukikaa hivyo, meno ya nyuma hayasugui gogo wala kupata moto bure.

4. Puli

Msumeno wa futi 3 unafanya kazi vizuri kwenye mizunguko kama 950 kwa dakika. Hesabu ni hii: mizunguko ya injini mara kipenyo cha puli yake (gurudumu linalovaa mkanda), gawa kwa kipenyo cha puli ya shafti. Injini ya mizunguko 2,200 yenye puli ya inchi 6, ukiipa shafti puli ya inchi 14, inakupa 943. Hapo meno yanakwenda kama mita 45 kwa sekunde. Usiongeze kasi kwa tamaa ya kumaliza haraka.

5. Kinga

Nyuma ya msumeno weka kisu cha kutenganisha mbao ili isibane msumeno na kurushwa kwako. Funika mkanda na sehemu ya juu ya msumeno. Mashine nyingi kuukuu zinauzwa bila vitu hivi. Chomelea kabla ya kuwasha.

6. Kuwasha

Endesha nusu saa bila gogo, uzime, uguse nyumba za beringi. Vuguvugu ni sawa; zikikuchoma, rudi kwenye shafti. Usisimame kwenye mstari wa msumeno.

Anza na msindano mbichi. Vumbi likitoka chenga, meno ni makali. Likitoka laini kama unga wa sembe, zima, chukua tupa. Utomvu ukiganda, futa kwa dizeli baada ya kuzima. Milingoti iache kwanza, maana gogo lake lina mvutano ndani na hupinda ukilichana upande mmoja tu. Zamu yake ikifika, ondoa banzi huku, geuza, ondoa la upande wa pili.

Na kabla mbao hazijapanda fuso, pita kwa afisa misitu wa wilaya uulize kibali cha kusafirishia, hata kama miti uliipanda mwenyewe.