Nyumba ya Mji Mkongwe ikiungua, usikimbilie kubomoa

Mimi ni fundi wa nyumba za mawe, Unguja. Moto ukizimwa, funika kuta kwa turubai upesi: jiwe la matumbawe lililoungua sana hugeuka chokaa, likilowa linamumunyuka. Nimeona nyumba ikimalizwa na mvua, si moto. Gonga ukuta kwa nyundo ndogo. Ukisikia mlio wa uwazi, lipu imeachana na jiwe. Dari itegemeze kwanza, ndipo utoe boriti zilizoungua, moja moja. Saruji usiiguse kabisa, inafungia unyevu ndani, tumia chokaa. Mlango wa nakshi uuhifadhi chini ya kufuli.

Warithi wa nyumba wakae kikao mapema, hata walio Muscat, Oman, wapigiwe simu. Kama nyumba ni ya wakfu, yaani iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani, nenda Kamisheni ya Wakfu. Kibali cha matengenezo kinatoka Mamlaka ya Mji Mkongwe. Huko peleka picha za kila chumba.